Herb Jeffries: Kauboi Mweusi Aliyeimba Kwenye Sinema

Katika historia ya sinema ya Marekani, majina ya makauboi walioimba huku wakipiga gitaa, kama vile Gene Autry, Roy Rogers na Tex Ritter, yanajulikana hata kwa watu ambao hawajawahi kuziona filamu zao, lakini jina la Herb Jeffries hutajwa kwa nadra, na mara nyingi hutajwa na wapenzi wa muziki wa jazi kuliko wapenzi wa sinema. Hata hivyo, kati ya mwaka 1937 na 1939 Jeffries alikuwa mhusika mkuu wa filamu nne za kauboi ambazo waigizaji wake wote walikuwa Wamarekani Weusi, akapewa jina la utani la The Bronze Buckaroo, yaani kauboi wa rangi ya shaba, na akawa kauboi Mweusi wa kwanza kuimba kwenye sinema. Filamu hizo zilitengenezwa kwa fedha kidogo na kwa haraka, na mhakiki yeyote makini anaweza kuzitoa kasoro nyingi, lakini ziligusa jambo ambalo studio kubwa za Hollywood zilikuwa zimelifumbia macho kwa muda mrefu, nalo ni kwamba Watu Weusi walishiriki kikamilifu katika maisha ya nyika za magharibi ya Marekani.

Kauboi wa historia na kauboi wa sinema

Kauboi, kwa maana yake ya asili, ni mchunga ng'ombe aliyefanya kazi akiwa juu ya farasi katika nyika za magharibi ya Marekani, na enzi yake kubwa ilianza baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kumalizika mwaka 1865, wakati makundi makubwa ya ng'ombe yaliposwagwa kutoka Texas hadi kwenye vituo vya reli vya Kansas ili wasafirishwe kwenda kuchinjwa katika miji ya kaskazini na mashariki. Kazi hiyo ilikuwa ya vumbi, ya hatari na yenye ujira mdogo, na kwa sababu hiyo iliwavuta watu ambao hawakuwa na njia nyingi za kujipatia riziki, wakiwamo Wamexico, Wahindi Wekundu na wanaume Weusi waliokuwa wametoka utumwani muda si mrefu, ambao wengi wao walikuwa wamejifunza kuchunga na kupanda farasi katika mashamba ya mabwana zao huko Texas. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba takriban kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi.

Baadhi ya watu hao waliacha majina. Nat Love, aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Tennessee mwaka 1854, alichapisha mwaka 1907 kitabu cha maisha yake ya uchungaji. Bass Reeves, naye pia aliyezaliwa mtumwa, alikuwa afisa wa serikali kuu aliyewasaka wahalifu kwa zaidi ya miaka 30 katika eneo ambalo sasa ni jimbo la Oklahoma. Na Bill Pickett alivuma kwa mtindo wake wa kuruka kutoka juu ya farasi na kumbwaga fahali kwa kumkamata pembe, mtindo ambao hadi leo ni sehemu ya mashindano ya makauboi yanayoitwa rodeo.

Sinema ilipoanza kuyasimulia maisha hayo haikuwakumbuka watu hao. Kauboi wa Hollywood alikuwa Mzungu, naye Mweusi, kama aliingizwa kwenye hadithi, alikuwa mpishi, mtumishi au mtu wa kuchekesha anayetetemeka kwa hofu mara bunduki inapolia. Kwa kuwa mamilioni ya watazamaji waliifahamu historia ya magharibi kupitia sinema kuliko kupitia vitabu, picha hiyo iligeuka kuwa ndiyo historia yenyewe, na kizazi kizima cha watoto Weusi kilikua kikiamini kwamba babu zao hawakuwahi kuwa sehemu ya masimulizi yale.

Baada ya filamu kuanza kuwa na sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, watayarishaji waligundua kwamba kauboi anaweza kuimba, na Ken Maynard akawa miongoni mwa wa mwanzo kufanya hivyo kwenye sinema. Gene Autry, mwimbaji aliyekwisha kupata umaarufu redioni na kwenye santuri, ndiye aliyeigeuza namna hiyo kuwa biashara kubwa kuanzia mwaka 1935, kupitia filamu kama Tumbling Tumbleweeds. Utaratibu wa filamu hizo haukubadilika sana: kuna staringi mwenye farasi anayejulikana kwa jina, kuna rafiki yake wa kuchekesha, kuna adui anayetaka kunyang'anya ardhi au ng'ombe wa watu wema, kuna binti wa kuokolewa, na katikati ya ngumi na risasi kuna nyimbo nne au tano. Nyingi zilidumu kwa takriban saa moja, na zilikusudiwa kuonyeshwa pamoja na filamu nyingine kwa kiingilio kimoja, mtindo ulioenea wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, majumba ya sinema yalipokuwa yakigombania watazamaji wachache wenye senti mfukoni.

Sinema zilizotengenezwa kwa ajili ya Weusi

Ili kuielewa nafasi aliyoipata Jeffries, ni lazima kuuelewa mfumo wa ubaguzi wa rangi uliokuwapo wakati huo. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson, ilihalalisha sheria za kuwatenganisha Weusi na Wazungu katika huduma za umma, na kwa zaidi ya nusu karne majimbo ya kusini yalikuwa na shule, mabehewa, hoteli na majumba ya sinema ya kila rangi peke yake. Mtazamaji Mweusi aliyeruhusiwa kuingia katika jumba la Wazungu alipandishwa roshani ya juu kabisa, au alingoja maonyesho maalumu ya usiku wa manane baada ya Wazungu kwenda kulala, na penye idadi kubwa ya Weusi palijengwa majumba yao wenyewe.

Majumba hayo yalihitaji filamu, na mahitaji hayo ndiyo yaliyozaa sinema ya pembeni ambayo watayarishaji wake walikuwa Weusi au Wazungu, lakini waigizaji na watazamaji wake walikuwa Weusi. Kampuni ya Lincoln Motion Picture ilianzishwa mwaka 1916, na Oscar Micheaux, mwandishi aliyewahi kulima katika nyika za South Dakota, alitengeneza filamu yake ya kwanza, The Homesteader, mwaka 1919. Kuanzia katikati ya miaka ya 1910 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa mamia ya filamu za aina hiyo, na nyingi zimekwisha kupotea. Bajeti zake zilikuwa finyu, mwanga hafifu, na vipande vyenye makosa ya waigizaji mara nyingi havikurudiwa, lakini kwenye kioo cha majumba hayo mtazamaji aliweza kumwona daktari Mweusi, hakimu Mweusi na wapenzi Weusi, vitu ambavyo Hollywood haikumpa.

Kutoka Detroit hadi Los Angeles

Herb Jeffries alizaliwa katika jiji la Detroit, jimbo la Michigan, tarehe 24 Septemba 1913. Vitabu na majarida mengi yalitaja mwaka 1911, kosa lililoanzia kwake mwenyewe, kwa kuwa alipoondoka nyumbani akiwa kijana kwenda kutafuta kazi alijiongezea umri, na ukweli ulijitokeza tena alipokuwa mzee sana, cheti chake cha kuzaliwa kilipopatikana wakati wa maandalizi ya filamu ya maisha yake. Mama yake alikuwa wa asili ya Ireland, na kuhusu upande wa baba Jeffries alitaja kwa nyakati mbalimbali damu ya Sicilia, ya Ufaransa na ya Ethiopia. Utotoni alijifunza kupanda farasi katika shamba la babu yake huko Michigan, ujuzi ambao ulikuja kumfaa baadaye kuliko alivyoweza kutarajia.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa muziki. Baada ya kuimba katika kumbi za Detroit alihamia Chicago, ambako aliimba na bendi ya Erskine Tate kisha na ile ya mpiga piano Earl Hines, iliyokuwa ikitumbuiza katika ukumbi wa Grand Terrace, na mwaka 1934 sauti yake ilirekodiwa pamoja na bendi hiyo. Katika ziara za bendi kwenye majimbo ya kusini alijionea ubaguzi ambao kijana wa Detroit alikuwa akiusikia tu kwa masimulizi, na miongoni mwa mambo yaliyomkaa moyoni ni kuona majumba ya sinema ya Weusi yakifurika watu waliokwenda kuwatazama makauboi wa Kizungu. Alisimulia mara nyingi katika uzee wake kwamba kilichomchochea ni kuona watoto Weusi, na hata watoto wa Kimexico na wengineo wenye ngozi nyeusi, hawana shujaa hata mmoja anayefanana nao kwenye kioo, na kwamba aliona kauboi ndiye shujaa aliyefaa, kwa kuwa makauboi Weusi walikuwapo kweli.

Alipofika Los Angeles na kuanza kuimba katika klabu za mtaa wa Central Avenue, uliokuwa kitovu cha maisha ya Weusi jijini humo, alianza kutafuta mtu wa kugharimia wazo lake, na akampata Jed Buell, mtayarishaji wa Kizungu wa filamu za bei rahisi. Buell hakuwa mpigania haki, na lengo lake lilikuwa kupata kitu kipya cha kuuza. Mwaka 1938, mara tu baada ya filamu ya Jeffries, alitoa filamu nyingine ya kauboi, The Terror of Tiny Town, ambayo waigizaji wake wote walikuwa watu wenye kimo kifupi sana. Kwa Buell, kauboi Mweusi na kauboi mfupi vilikuwa vioja vya aina moja vya kuvutia wateja, ilhali kwa Jeffries na waigizaji wenzake ilikuwa nafasi ya kuonekana kama watu kamili.

Buell, kwa mujibu wa masimulizi ya Jeffries, hakukubali kwa urahisi kwamba mwimbaji huyo ndiye awe mhusika mkuu, kwa sababu alimwona mweupe mno. Suluhisho lilikuwa kumpaka usoni vipodozi vya kumtia weusi, na kumtaka asivue kofia yake mbele ya kamera ili nywele zake zisionekane. Hivyo kauboi Mweusi wa kwanza kuimba kwenye sinema alilazimika kuongezewa weusi ili akubalike kuwa Mweusi, na jambo hilo linaonyesha jinsi rangi, katika macho ya wafanyabiashara wa sinema, ilivyokuwa vazi la kuvishwa mtu kuliko asili yake.

Filamu nne

Filamu ya kwanza, Harlem on the Prairie, iliongozwa na Sam Newfield na kutolewa mwaka 1937. Ilifuatwa na nyingine tatu zilizoongozwa na Richard C. Kahn, ambazo ni Two-Gun Man from Harlem ya mwaka 1938, kisha The Bronze Buckaroo na Harlem Rides the Range, zote mbili za mwaka 1939. Jina la Harlem, mtaa maarufu wa Weusi katika jiji la New York, liliwekwa kwenye vichwa vya filamu hizo ili mtazamaji ajue papo hapo kwamba filamu ni yake, hata kama hadithi yenyewe ilitokea kwenye nyika za magharibi zilizo mbali kabisa na New York. Katika filamu za Kahn, Jeffries, ambaye kwenye orodha ya waigizaji aliandikwa Herbert Jeffrey, ni kauboi aitwaye Bob Blake, mwenye farasi mweupe aitwaye Stardusk, na kikundi cha waimbaji kiitwacho The Four Tones humsindikiza kwa kiitikio.

Hadithi zake ni zile zile za makauboi wa Kizungu, lakini zimetiwa viungo vyake. Katika Two-Gun Man from Harlem, Bob Blake anasingiziwa mauaji, anakimbilia Harlem, na huko anakutana na jambazi anayefanana naye kama pacha, ajulikanaye kama The Deacon, ndipo anapojifanya kuwa jambazi huyo na kurudi magharibi kuwanasa wauaji wenyewe. Nafasi zote mbili ziliigizwa na Jeffries, mmoja mchangamfu na mwenye kofia pana, mwingine mkimya na mwenye miwani, na ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi uwezo wake wa uigizaji. Katika Harlem Rides the Range kinachogombaniwa ni mgodi wa radiamu, madini yaliyokuwa yakizungumzwa sana wakati huo kwa matumizi yake ya hospitalini. Katika The Bronze Buckaroo, Blake na wenzake wanakwenda kumsaidia rafiki yao aliyetoweka, wakamkuta dada yake, Betty, akiitetea peke yake ardhi ambayo chini yake kuna dhahabu.

The Bronze Buckaroo ndiyo yenye kipande kinachokumbukwa zaidi na watazamaji. Mfanyakazi mmoja wa ranchi, aliyeigizwa na Flournoy Miller, anajua kuzungumza bila kufungua midomo, hivyo sauti yake huonekana kutoka mahali pengine, na kwa ujanja huo anamsadikisha Dusty, rafiki wa Bob Blake aliyeigizwa na Lucius Brooks, kwamba nyumbu wake anaweza kusema. Dusty, baada ya kumsikiliza nyumbu akijibu maswali kwa ufasaha, anatoa fedha na kumnunua, kisha anabaki akimbembeleza mnyama ambaye tangu siku hiyo hasemi neno. Kichekesho hicho kilitoka moja kwa moja kwenye jukwaa la vichekesho vya Weusi, na Miller hakuwa mgeni katika kazi hiyo, kwani yeye ni mmoja wa walioandika Shuffle Along, tamthilia ya muziki ya mwaka 1921 iliyowafungulia wasanii Weusi milango ya kumbi za Broadway.

Waigizaji wengine nao walikuwa watu wa uzito. Spencer Williams, aliyeigiza na kushiriki kuandika baadhi ya hadithi, baadaye aliongoza The Blood of Jesus ya mwaka 1941, ambayo mwaka 1991 ilitiwa katika orodha ya taifa ya filamu za Marekani zinazostahili kuhifadhiwa. Clarence Brooks alikuwa mmoja wa waigizaji wa mwanzo wa kampuni ya Lincoln, na Mantan Moreland aliendelea hadi akawa mchekeshaji mashuhuri katika filamu za mpelelezi Charlie Chan.

Filamu hizo zilipigwa katika ranchi ya familia ya Murray, pembezoni mwa jangwa la Mojave, karibu na Victorville, California. Ranchi hiyo, iliyomilikiwa na Nolie Murray na mkewe Lela, ilikuwa ya kupokea wageni, yaani watu wa mjini walikwenda kupumzika, kupanda farasi na kula hewa ya nyikani, na katika zama ambazo mapumziko mengi yalifungwa kwa Weusi, hapo palikuwa mahali pao. Bingwa wa ngumi wa dunia, Joe Louis, alikuwa miongoni mwa wageni wake mashuhuri.

Thamani na kasoro za filamu hizo

Jambo linalomshangaza mtazamaji wa leo ni kwamba ndani ya filamu hizo hakuna Mzungu hata mmoja, na wala ubaguzi hautajwi. Mwenye ranchi ni Mweusi, polisi ni Mweusi, adui ni Mweusi na binti anayependwa ni Mweusi, kana kwamba nchi nzima ilikuwa yao. Kuna wanaoona hali hiyo ni ukwepaji wa ukweli, kwa kuwa nje ya jumba la sinema mtazamaji alirudi kwenye sheria zile zile zilizomnyima haki. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba katika filamu ambayo kila mtu ni Mweusi rangi haimwambii mtazamaji nani mwema na nani mbaya, na kwamba mwigizaji Mweusi aliyezoea kupewa nafasi ya mtumishi alipata hapo nafasi ya kuwa mjanja, katili, mpenzi au shujaa.

Kasoro kubwa zaidi iko mahali pengine. Katika filamu hizo, kama ilivyokuwa katika nyingi za aina yake, shujaa na binti anayependwa ni weupe wa ngozi, ilhali wachekeshaji wana ngozi nyeusi zaidi na hubeba vituko vile vile vya woga, ulafi na kamari ambavyo Hollywood iliwabandika Watu Weusi. Kwa maneno mengine, ngazi ya rangi iliyotengenezwa na ubaguzi wa Wazungu iliingia hata kwenye sinema zilizokusudiwa kuukwepa, na vipodozi alivyopakwa Jeffries havikuiondoa ngazi hiyo.

Kauboi anageuka mwimbaji wa Duke Ellington

Jeffries hakuendelea na sinema za kauboi baada ya mwaka 1939, kwa kuwa malipo yalikuwa madogo na soko lilikuwa finyu, na muda mfupi baadaye alijiunga na bendi ya Duke Ellington, ambayo wakati huo ilikuwa kwenye kilele cha ubora wake. Hadi hapo alikuwa akiimba kwa sauti nyembamba ya juu ya kiume, lakini Billy Strayhorn, mtunzi na msaidizi mkuu wa Ellington, alimshauri ashuke kwenye sauti nzito ya kati inayoitwa baritoni, na ushauri huo ndio uliompa Jeffries utambulisho aliokuwa nao maisha yake yote. Desemba 1940 waliurekodi wimbo Flamingo, uliopangiliwa na Strayhorn, na mara ulipotoka mwaka 1941 ulipendwa sana nchini humo, ukamfanya Jeffries ajulikane na watu ambao hawakuwahi kuingia katika jumba la sinema la Weusi.

Julai 1941 bendi hiyo ilifungua huko Los Angeles onyesho la muziki na vichekesho liitwalo Jump for Joy, ambalo Ellington alilikusudia kuondoa jukwaani zile picha za kudhalilisha za mtu Mweusi mnyenyekevu. Jeffries alikuwa miongoni mwa waimbaji wake, pamoja na Ivie Anderson na Dorothy Dandridge. Inasimuliwa kwamba mmoja wa wafadhili alilalamika kuwa mwimbaji huyo ni mweupe mno kwa onyesho la Weusi, akapakwa vipodozi vya kumtia weusi, na Ellington alipomwona katika hali hiyo alighadhibika na kuagiza vifutwe mara moja. Wazungu wawili, katika miaka minne, walitaka ngozi ya mtu yule yule iongezwe weusi ili biashara iende. Aliyesema imetosha alikuwa bwana wa bendi, ambaye alijua kwamba kujipaka weusi usoni ndiko kulikokuwa chimbuko la kejeli yenyewe aliyokuwa akiipinga.

Mtu aliyeweza kuchagua

Kwa sheria na desturi za Marekani za wakati ule, mtu mwenye babu au bibi mmoja wa asili ya Kiafrika, hata akiwa na ngozi nyeupe kiasi gani, alihesabiwa kuwa Mweusi, na kwa hiyo walikuwapo watu weupe wa ngozi waliohama miji na kukata uhusiano na jamaa zao ili waishi kama Wazungu. Jeffries, kwa sura yake, angeweza kufanya hivyo, na milango ya Hollywood na ya kumbi kubwa za muziki ingemfungukia mapema zaidi. Alichagua kusimama upande wa Weusi katika miaka ambayo uchaguzi huo ulikuwa na gharama, akalala katika nyumba za wageni za Weusi na kupitia milango ya nyuma ya kumbi alizoimbia pamoja na wenzake. Maelezo yake kuhusu asili yake hayakuwa sawa nyakati zote, na baadhi ya waandishi wamemshutumu kwa hilo, lakini huenda kigeugeu hicho kinaishitaki zaidi nchi iliyomlazimisha kila mtu kuwa na jibu moja kuliko kumshitaki mtu aliyeshindwa kulitoa.

Baada ya kuachana na Ellington, Jeffries aliimba peke yake, akarekodi santuri, na katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili aliishi Ufaransa kwa muda na kumiliki klabu ya usiku jijini Paris. Mwaka 1957 aliigiza katika filamu Calypso Joe, iliyotengenezwa wakati muziki wa kalipso ulipokuwa ukivuma Marekani, na mwaka 1959 alifunga ndoa na mcheza dansi mashuhuri wa majukwaani, Tempest Storm, ndoa iliyozua minong'ono mingi kwa sababu ya rangi zao. Katika miaka ya 1960 alionekana pia kwenye vipindi vya televisheni, ikiwamo tamthilia ya kauboi The Virginian.

Kukumbukwa tena

Sinema zilizotengenezwa kwa ajili ya Weusi pekee zilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati Hollywood ilipoanza kuwaajiri waigizaji Weusi katika nafasi bora kiasi na televisheni ilipoanza kuwabakiza watu nyumbani. Kwa miaka mingi filamu za Jeffries zilikaa gizani, hadi watafiti wa historia ya Weusi walipoanza kuzitafuta, na zile tatu zilizoongozwa na Kahn leo zinapatikana kwa urahisi na zinafundishwa katika vyuo vikuu. Mwaka 1995, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, Jeffries alitoa albamu ya nyimbo za kauboi iliyoitwa The Bronze Buckaroo (Rides Again), na mwaka 2004 aliwekewa nyota yenye jina lake kwenye barabara ya Hollywood Boulevard. Alifariki dunia tarehe 25 Mei 2014 huko California, akiwa amefikisha umri wa miaka 100.

Njia aliyoifungua haikujaa watu mara moja. Ilipita zaidi ya miaka 30 kabla Sidney Poitier na Harry Belafonte hawajatengeneza Buck and the Preacher mwaka 1972, wakiwa na waigizaji Weusi katika nafasi za mbele na ubaguzi ukitajwa waziwazi. Mwaka 2021 ilitoka The Harder They Fall, ambayo wahusika wake walipewa majina ya watu halisi kama Nat Love na Bass Reeves, na mwaka 2024 mwanamuziki Beyoncé, kupitia albamu Cowboy Carter, aliirudisha hadharani hoja ya nafasi ya Watu Weusi katika muziki na utamaduni wa makauboi. Mjadala uliozuka wakati huo, ambapo baadhi ya watu walihoji Mweusi anatafuta nini katika mambo ya kauboi, unaonyesha kwamba uongo uliotengenezwa na sinema za zamani bado haujakwisha nguvu.

Kwa kipimo cha sanaa tupu, filamu nne za Herb Jeffries haziwezi kuwekwa pamoja na kazi kubwa za sinema ya Marekani, na hata yeye mwenyewe atakumbukwa zaidi kama mwimbaji kuliko mwigizaji. Kwa kipimo cha historia, hata hivyo, zinastahili heshima kubwa kuliko filamu nyingi zilizozishinda kwa fedha na ufundi, kwa sababu zilisema kweli pale ambapo nyingine zilidanganya. Msomaji anayetaka kuipima hukumu hii anaweza kuanza na The Bronze Buckaroo, filamu isiyozidi saa moja, ambayo inapatikana kwenye intaneti bila malipo.